Neema, huo sio uvivu

Shoga yangu Neema,

Mambo vipi huko Njiro, na mtoto kikohozi kimeisha? Huku Moshi mvua inanyesha toka juzi, mlima hauonekani kabisa na matope ya Pasua unayajua mwenyewe. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, usiku nikakosa usingizi, ndo maana nakuandikia kabisa, kwenye simu ungenikatiza.

Umesema umekuwa mvivu. Kwamba oda ya keki ya kipaimara ikiingia unajisikia kulia, unabaki kitandani na simu mpaka saa sita mchana, alafu unaanza kukimbizana na muda mikono inatetemeka, na shemeji anakwambia hela unaitafuta ikija unaikimbia. Neema, mi nakujua toka tuko Form Two. Likizo kule kwenu Kiboriloni wewe ndo ulikuwa unachoma keki kwenye sufuria ya mchanga, moto chini moto juu, macho mekundu kwa moshi, siku ambayo hakuna hata mtu mwenye bethdei. Mtu mvivu hafanyi vile.

Kwenye ile kozi yangu ya ushauri nasaha tulisoma habari za Mmarekani mmoja, Edward Deci, utafiti wake ulitoka 1971. Aliwapa wanafunzi wa chuo vipande vya kuunganisha wapate maumbo, kama mchezo tu. Siku ya kwanza wote wanacheza bure. Siku ya pili kundi moja likaambiwa kila umbo utakalolipata ni dola 1, wengine hawakuambiwa kitu. Siku ya tatu hela hakuna kwa yeyote. Sasa kila siku katikati ya zoezi alikuwa anatoka anawaacha peke yao dakika 8, magazeti yapo pembeni, wafanye wanachotaka, kumbe wanaangaliwa kwa siri. Wale waliokuwa wamelipwa, siku ya tatu wakavigusa vile vipande muda mchache kuliko walivyokuwa wanavigusa kabla hawajaonja hela. Mchezo ulishageuka kibarua, na kibarua bila malipo nani anakifanya? Ila alipojaribu kuwasifia badala ya kuwalipa, moyo haukushuka.

Nilivyosoma pale nikakukumbuka wewe moja kwa moja.

Sisemi uache hela, kodi na ada hazilipwi kwa mapenzi. Deci na mwenzake Richard Ryan walikuja kueleza vizuri zaidi, kwamba kinachoua moyo ni pale unapohisi unaendeshwa. Na wewe unaendeshwa jamani! Mteja anakutumia picha anataka kama hii hii, usiku saa nne anabadilisha rangi, asubuhi anaomba upunguze bei, na we unajibu sawa dada. Hebu niambie lini mara ya mwisho umeamua mwenyewe keki iwe na nini? Ile yako ya ndizi mbivu na tangawizi iliishia wapi?

Alafu kuna mwili. Mtu anayeitwa Hans Selye, alikuwa Montreal kule Kanada, mwaka 1936 aliandika kuhusu panya aliowatesa kwa njia tofauti tofauti, baridi, sumu, kuwakimbiza mpaka wachoke, na ndani akakuta mambo yale yale, tezi zilizo juu ya figo zimevimba na tumbo lina vidonda. Akasema mwili unapita hatua tatu, kwanza unashtuka, kisha unajikaza, mwisho unaishiwa. Hiyo ya kujikaza ndo inayodanganya watu maana unaonekana mzima, kazi zinaenda, watu wanakusifia una nguvu. Wewe toka Novemba ulikuwa umejikaza, harusi, Krismasi, sendofu, hukupumzika hata Jumapili moja. Sa hivi umeishiwa, na aliyeishiwa hawezi kuamshwa kwa kuitwa mvivu.

Najua ninachosema. Mwaka ule wa kwanza nilipopewa kufundisha kidato cha nne nilikuwa naamka saa tisa usiku moyo unadunda kama nimefukuzwa na mbwa, na simwambii mtu, nilidhani ni imani yangu imepungua. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba nimechoka, na sitaki na wewe ukae huko muda wote huo.

Lakini lile tumbo uliloniambia linakusumbua, usilitibu kwa barua yangu, tafadhali sana. Vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria, Barry Marshall na Robin Warren walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kugundua hilo, na vina dawa. Kapime wiki hii.

Na Jumamosi panda Koasta uje. Zile oda mbili ambazo hujapokea advansi zikatae, sema tu nimejaa, hawatakufa. Mchanga ninao, jirani anajenga. Mayai nitachukua Mbuyuni asubuhi, ndizi zipo shambani kwa mama zimeiva mpaka ndege wanazila. Tutachoma ya mkaa, hatupigi picha, hatumtumii mtu. Beba iriki tu, ile ya kwenu sokoni, ya huku naona haina harufu.

Shoga yako,
Anna