Redio ya akiba haitoshi, swichi nazo zipangwe

Mhariri,

Shule, zahanati na SACCO kadhaa hapa Kampala huunganisha majengo mawili kwa fiba, kisha huweka redio juu ya paa iwe njia ya akiba. Katikati hakuna ruta, ni swichi za zamani tu zinazofanya kazi kama briji, yaani huyafanya majengo yote mawili kuwa mtandao mmoja. Mpango huo haunisumbui. Kinachonisumbua ni fundi anayechomeka redio, akaona taa imewaka, akadai malipo.

Fremu ya Ethernet, yaani kifurushi cha data kinachopita kati ya swichi, haina kihesabu cha kuikomesha kama kilichomo ndani ya pakiti ya IP. Njia mbili zikiwa wazi pamoja, fremu inayotumwa kwa wote huzunguka na kuzaana hadi mtandao wote ukwame. STP, utaratibu wa swichi wa kuzuia kitanzi hicho, ndiyo inayoziba njia moja, na hapo lazima uiambie ipi. Swichi huangalia kasi ya tundu, haijui kasi ya hewani. Redio ya megabiti 50 ikichomekwa kwenye tundu la gigabiti moja kwa hesabu ya zamani ya STP hupewa gharama 4 (namba ya kulinganisha njia, ndogo ndiyo hushinda), sawasawa na fiba. Zikilingana, huamua namba ya tundu: redio ikiwa tundu la 1 na fiba la 24, data yote hupita hewani huku fiba uliyoilipia imezibwa! Ipe redio gharama kubwa kuliko ya fiba, kwa hesabu hiyo 100, pande zote mbili.

Swichi kuu, ile ambayo STP hupimia njia zote kutoka kwayo, nayo isichaguliwe kwa bahati. Kwa kawaida hutoka kiwandani na kipaumbele 32768, namba ndogo hushinda, na zikilingana hushinda yenye anwani ndogo ya MAC (namba ya kifaa kutoka kiwandani), mara nyingi ile kuukuu kuliko zote. Andika 4096 kwenye swichi ya ofisi kuu, na 8192 kwenye ile itakayochukua nafasi yake ikizimika.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Fiba ikikatwa na wachimba barabara, kigeuzi cha fiba, kifaa kinachounganisha fiba na kebo ya shaba ya swichi, huendelea kuwasha tundu la swichi, kwa hiyo swichi haioni kilichokatika. STP ya zamani husubiri sekunde 20 bila ujumbe wa BPDU, ambao swichi hutumiana kwa ajili ya STP, kisha 15 na 15 tena: sekunde 50 za ukimya. RSTP, toleo jipya na la haraka la STP, huanza kugeuza baada ya kukosa jumbe tatu, yaani kama sekunde 6, ila tundu linalokutana na swichi isiyojua RSTP hurudi kwenye mwendo wa zamani. Ukiwa na kigeuzi chenye uwezo wa kuzima tundu fiba inapokatika, washa uwezo huo.

Hakikisha pia redio inapitisha BPDU. Ikizimeza, kila upande hudhani hakuna kitanzi, na kitanzi kitakuwepo.

Wakati wa kupima, usichomoe kebo kwenye swichi, maana hiyo huonekana papo hapo. Chomoa fiba kwenye kigeuzi cha upande wa mbali huku ping (ujumbe wa kupima kama upande wa pili unajibu) ikiendelea, uhesabu sekunde. Na redio isishiriki UPS moja na kigeuzi. Umeme ukikatika na betri ikiisha, vyote viwili huzimika pamoja.

Fundi wa mitandao,
Ntinda, Kampala