Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Picha za hospitali ziingie darasa la anatomia

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Tandika, nimetoka zamu ya usiku. Mimi ni daktari kijana niliyesomea hapa hapa Dar es Salaam.

Wiki yangu ya kwanza ya mafunzo kazini aliletwa kijana wa bodaboda, ameanguka, anahema kwa shida. Eksirei ya kifua ilipotoka niliinua filamu kwenye taa, nikakagua mbavu moja moja, nikasema iko sawa. Daktari mkubwa aliyekuwa akipita akaweka kidole chini kidogo ya mfupa wa bega. Palikuwa na mstari mweupe mwembamba kama uzi, na nje ya mstari ule weusi mtupu, hata mshipa mmoja wa pafu haukufika. Pafu lilikuwa limesinyaa na hewa imejaa kati yake na ukuta wa kifua. Kijana akawekewa mrija, akapona.

Mheshimiwa, mstari ule ulikuwa utando wa pafu. Utando huo nilikuwa nimeushika kwa mikono yangu mwaka wa kwanza, kwenye maiti ya darasa la anatomia, yaani somo la maumbile ya mwili, na kwenye mtihani niliuelezea vizuri. Kwenye picha sikuujua.

Sisemi maiti ziondolewe. Ugumu wa neva na ulaini wa mafuta vinajulikana kwa vidole tu. Lakini maiti iliyokaa kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi isioze, imekakamaa, imepauka, moyo wake haupigi, na tulikuwa tunaizunguka wengi mno. Kazini, mwili ninaokutana nao kila siku uko kwenye picha, na picha ina lugha yake. Siti-skani, picha inayoonyesha mwili vipande vipande, kwa mfano, husomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa unamtazama kuelekea kichwani, kwa hiyo ini lililo kulia kwake unaliona kushoto kwako. Asiyezoea mapema hubabaika mbele ya mgonjwa.

Altrasaundi nayo haina mionzi, wanafunzi wanaweza kupimana wenyewe. Weka kipimo shingoni mwa mwenzako, bonyeza kidogo: vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, inabonyea hadi inapotea, ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, pembeni yake inaendelea kudunda. Dakika moja tu, na hutasahau tena ipi ni ipi.

Ombi langu ni moja. Hospitali za umma za mkoa huu zinapiga picha usiku na mchana, na zikishasomwa nyingi hubaki kwenye kompyuta. Toa mwongozo ziruhusiwe kupelekwa vyuoni zikiwa zimefutwa jina, namba ya faili na kila kinachomtambulisha mgonjwa, kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha za watu wasio na ugonjwa kwanza, kisha za wagonjwa, ziwekwe pembeni ya meza ya maiti tangu mwaka wa kwanza, na mtaalamu wa radiolojia, yaani usomaji wa picha hizi, apangiwe walau kipindi kimoja kwa wiki na mwalimu wa anatomia. Kompyuta za kawaida zinatosha kuanzia, programu za bure za kufungulia picha hizi zipo.

Mimi niko tayari kuja kila Jumamosi kusaidia kufuta majina na kupanga picha, bila malipo. Wenzangu wawili wa zamu wamesema watakuja pia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Daktari wa zamu, Temeke