Wajukuu zangu wa Usukumani, yale macho ni moshi

Wajukuu zangu mlioko Shinyanga, Simiyu mpaka Geita, na nyie mliokimbilia Dar mnaotuma hela nyumbani, mwangaluka. Nachapa kwa kidole kimoja mnivumilie. Nataka tuongee habari ya bibi zetu wanaoitwa wachawi kisa wana macho mekundu.

Hivi mshawahi kukaa jikoni na bibi yenu? Sio kupita mlangoni kuchota michembe, nasema kukaa mpaka ugali uive. Kuni hamna, anawasha mabua ya pamba, yakiisha anatupia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, moshi unajaa kwenye kijumba hakina hata dirisha na yeye kapiga magoti anapuliza, machozi yanamtoka anajifuta na khanga anapuliza tena, na hiyo kazi kaifanya miaka hamsini. Sasa mlitaka awe na macho ya rangi gani?

Na miti ilienda wapi? Mkoloni alifyeka mapori ya Shinyanga miaka ya 1920 na 1930 ati kufukuza mbung'o, tukaja sisi na pamba na ng'ombe wetu tukamalizia, mpaka mwaka 1986 serikali ikaleta mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuturudisha kwenye ngitili, yale maeneo ya kutengwa ili majani na miti viote tena, kitu ambacho babu zetu walikuwa nacho siku zote. Miti tumemaliza sisi, moshi kala bibi, na kesi ya uchawi kapewa yeye.

Mbona babu akiwa na macho mekundu mnasema tu kapiga gongo?

Nishakaa vikao vingi vya ukoo, najua inavyoendaga. Mume kafa, mjane kabaki na shamba zuri la bondeni, shemeji analimezea mate, ghafla mtoto anaumwa au ng'ombe kafa, watu mbio kwa mpiga ramli, na ramli mara ngapi nimeona inaangukia hapo hapo penye shamba. Wengine wameishia kukatwa mapanga usiku. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928 na kumwita mtu mchawi ni kosa, ila nani ataenda polisi kumshtaki mtoto wa shemeji yake wakati kesho analala nyumba ya pili?

Kwa hiyo mkipigiwa simu mchange hela ya mganga, msichange, hata kama ni baba mkubwa anaomba. Hiyo hela mjengeeni bibi jiko lenye bomba la kutoa moshi nje, mkampime na macho, maana trakoma nayo ipo, kope zinajikunja kwa ndani zinakwaruza jicho kila akipepesa.

Juzi nilienda kumsalimia mama yangu mdogo nikamkuta jikoni, giza totoro, kavaa miwani ya jua. Nikamuuliza mayu, miwani humu ndani ya nini? Akasema nisipovaa, watoto wa jirani wakija kuomba moto wanakimbia.