Kuhusu Ile Albamu ya Saa Tisa Usiku

Jericho, Nairobi
Jumapili jioni

Mami wangu,

Salamu za huku nyumbani. Sisi wazima, isipokuwa goti langu, ambalo unalijua na halina habari mpya. Naandika kwa mkono, kisha kijana wa jirani atapiga karatasi picha akutumie kwa simu, kwa hivyo usinicheke hati.

Ile albamu uliyonitumia nimeisikiliza. Mara ya kwanza nilidhani simu imeharibika. Nilikaa nikingoja muziki uanze. Nikaenda kugeuza chapati, nikarudi, bado ni ule mvumo tu, kama friji ya duka inayonguruma nyuma ya ukuta. Nikamwita kijana. Akaitazama simu, akasema, "Inacheza, Mathe. Ndiyo hiyo." Haina mwimbaji, haina ngoma, haina hata gitaa. Nikazima, nikala chapati zangu.

Jioni ndipo nikaona jina la mwenye kazi. KMRU, yaani Joseph Kamaru. Nikasema haiwezekani. Kamaru ninayemjua mimi ni yule wa Murang'a, aliyewaudhi walimu kwa wimbo wa mwalimu na mwanafunzi wake kipenzi, na ambaye tulimzika Oktoba 2018. Kumbe huyu ni mjukuu. Amebeba jina la guka wake kama wewe ulivyobeba la mama yangu, ndiyo maana nakuita Mami hata ninapokugombeza. Basi kwa heshima ya guka nikamrudia mjukuu. Nikaisikiliza tena Alhamisi, stima zikiwa zimepotea mtaa mzima. Gizani, hakuna televisheni ya jirani, hakuna mashine ya kinyozi. Nikaanza kusikia vitu. Kijana anasema huyo KMRU hutembea na kinasa sauti, huchukua sauti za mahali alipo, halafu huzinyoosha mpaka usizitambue. Mimi nilisikia kama mabati usiku, yanapopoa baada ya jua la mchana. Sijasema naipenda. Nasema nilifika mwisho.

Sasa nikueleze kwa nini nilikuuliza lile swali la unaisikiliza saa ngapi, ukaniona mshamba.

Unajua sisi wanne hukutana kwangu Jumamosi baada ya saa nane, kila mtu na albamu ambayo kwa wiki hiyo imemkatalia kutoka kichwani. Hukutana kwangu kwa sababu gramafoni ya mjomba wako iko hapa. Fundi ameibadilisha mkanda na sindano, na kwa sasa inazunguka vizuri kuliko mimi. Santuri nyingi tunazitoa Kenyatta Market, kwenye kile kibanda kilicho kati ya wasusi na wachoma nyama, unachagua santuri za Franco wa Congo huku nguo zinanuka moshi wa mbuzi. Mwanzoni tulikuwa tukigombana. Yule dereva mstaafu wa Buruburu alikuwa akileta "Mario" ya Franco, ya 1985, Jumamosi baada ya Jumamosi, akitangaza kwamba hakuna muziki uliotengenezwa baada ya hapo. Bi mkubwa wa Pumwani naye haoni mtu zaidi ya Zein l'Abdin, yule wa taarab, na udi wake wa nyuzi, na ukimwambia huelewi mafumbo anakwambia basi kaa kimya usubiri uzee. Ikawa ni nani mkali, nani si mkali. Chai inapoa, watu wananuniana.

Ndipo tukaweka sheria. Ni marufuku kusema albamu ni nzuri. Unasema uliisikilizia wapi, saa ngapi, na ulikuwa ukifanya nini. Basi.

Hungeamini ilivyobadilisha mambo. Dereva akakubali kwamba "Mario" aliisikilizia kwenye gari asubuhi, saa kumi na moja, akingoja abiria, mwaka ambao mkewe alikuwa wodini. Tangu hapo hatumcheki. Jirani yetu wa Siaya alileta "En Mana Kuoyo" ya Ayub Ogada, ya 1993, nyatiti, ala ya Waluo, ya nyuzi nane, na sauti ya mtu asiye na haraka yoyote. Kuna wimbo humo unaitwa "Kothbiro". Akatufasiria: mvua inakuja, watoto mko wapi, ingizeni ng'ombe nyumbani. Akasema huusikiliza akianika nguo. Tulicheka, lakini siku hizi kila ninapoona wingu upande wa Ngong nausikia ule wimbo, na ng'ombe wenyewe sina.

Hata kijana wa jirani tulimpa zamu. Akaleta "Victims of Madness" ya Wakadinali, lile kundi la rap, ya 2020. Bi mkubwa wa Pumwani aliziba masikio kwa maneno fulani, na nina hakika aliyaelewa kabla yangu. Sheng imeniacha kituoni, ingawa tulikulia nayo humu humu Eastlands. Kijana alisema huisikiliza akitembea kwenda kibarua Industrial Area, ili asihesabu nauli aliyookoa. Dereva akamwongezea chai bila kuulizwa.

Basi nikakuuliza wewe kwenye simu: hiyo albamu unaisikiliza saa ngapi? Ukajibu haraka haraka, "Saa tisa usiku, Mum, ndiyo inaingia poa." Ukaruka kwenye habari ya maji ya Roysambu.

Mami, mtu wa kuamka saa kumi na moja awahi kazini hasikilizi mvumo saa tisa usiku. Siku za kazi nilikuwa nikikupigia saa saba mchana unanong'ona, sasa unaongea kwa sauti kamili na sisikii ofisi nyuma yako. Miezi miwili sasa. Sikutaka kuuliza. Nilidhani utaniambia.

Nikiwa mdogo, santuri zilizokuja nyumbani hapa nyingi zilikuwa zile ndogo za mizunguko 45. Wimbo mmoja ulikatwa mara mbili. Upande wa kwanza mwimbaji anaeleza shida zake, amekosewa nini, nani amemsengenya, halafu sauti inafifia katikati ya mambo. Ilibidi mjomba wako ainuke ageuze. Upande wa pili ndiko magitaa yalikofunguka, na ndiko watu waliponyanyuka kwenye viti. Wageni wengine walidhani wimbo umekwisha wakaanza kuaga. Mjomba wako alikuwa akiwashika mkono: "Keti, sijageuza." Na wewe hujageuza. Nimekaa, sijaaga.

Ukipenda kujua ya kwangu ya wiki hii, ni ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga, ile ya 1982 yenye "Malako". Jamaa alitoka Congo akafika Nairobi mwaka 1977, akaipa bendi jina la milima ya volkano ya kwao. Zipo nyimbo chache tu humo, kila moja ndefu, na besi inatembea kama mtu aliyelipwa mshahara leo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano ilipotoka. Sasa sheria inanibana mimi pia, niseme ukweli: naisikiliza saa nne usiku nikiwa nimekaa kitandani kwako, kwa sababu chumba hicho ndicho kisichopitisha kelele za barabara, na kwa sababu nyingine ambayo sitaiandika ili kijana aisome akipiga picha.

Chumba kiko wazi. Sijapangisha, wala sitapangisha. Kodi ya huko Roysambu nimeipigia hesabu kwenye karatasi nyingine, nitakuonyesha, si mbaya kama ulivyodhani nitasema. Na ile kampuni, sitauliza walikuambia nini siku ya mwisho. Kama unataka kusema utasema.

Nimewaambia wenzangu Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni zamu yako. Panda ya kwenda mjini, kisha ya Jogoo Road, ushuke pale pale. Ukija na KMRU hatutakufukuza. Nimewaonya kwamba haina mwimbaji, dereva amesema atakuja na mto.

Akupendaye,
Mamako

N.B. Ule waya mweusi wa spika uliondoka nao. Usidhani sikuona. Rudi nao.