Mahindi tunayo, chokaa tunayo, tortilla iko wapi?

Mhariri,

Ukurasa wenu wa mapishi wa Jumamosi iliyopita ulitufundisha kupika taco, chapati ya Kimeksiko inayokunjwa na kitoweo ndani, nyumbani: chapati za ngano, nyama ya kusaga, maharage ya kopo na jibini ya njano. Nimeusoma mara mbili, nikaona siwezi kunyamaza. Mapishi yale yanashibisha, sikatai, ila hayana hata punje moja ya hindi, na chakula cha Meksiko bila mahindi ni kama pilau bila mchele.

Nimeishi Chicago miaka 11, mtaa wa Pilsen, karibu na Barabara ya 18, mahali ambapo Wameksiko wamejenga maisha yao kwa miongo mingi. Nilianza kwa kuosha vyombo kwenye mgahawa mdogo, baadaye nikaingizwa jikoni chini ya mama mmoja wa Michoacán, jimbo la Meksiko, mtu mzima, aliyeniita mija, yaani mwanangu, tangu siku ya kwanza. Alikuwa anafika saa kumi na moja alfajiri. Kabla hajavua koti alifunua sufuria aliyoiacha tangu jana yake, na jiko zima likajaa harufu ambayo siwezi kuieleza vizuri zaidi ya hivi: mvua ya kwanza inapiga ukuta uliopakwa chokaa, na ndani ya nyumba hiyo mtu anachemsha mahindi.

Kwenye sufuria mlikuwa na mahindi meupe makavu, maji na chokaa. Basi. Yanachemshwa taratibu kama nusu saa hadi saa nzima, kisha yanaachwa yalale humo usiku kucha. Asubuhi maji yamekuwa ya njano na ganda la juu linateleza ukilisugua kwa vidole. Mama yule aliyaosha mpaka maji yakawa safi, akayasaga yakiwa bado na unyevu, akapata donge laini linaloshikana bila ngano wala yai. Mahindi hayo yaliyolala kwenye chokaa huitwa nixtamal, neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, na donge lake ni masa. Humo zinatoka tortilla, yaani chapati zao nyembamba, zinatoka tamales zinazofungwa kwenye maganda ya mahindi zikapikwa kwa mvuke, unatoka uji wao wa atole. Punje zikiachwa nzima zikapikwa na nyama, hiyo ni pozole. Siku niliyoionja pozole kwa mara ya kwanza machozi yalinilenga. Ulimi wangu uliniambia: makande.

Siku tortilla yangu ilipovimba juu ya chuma kama puto, mama yule alipiga makofi akaniambia sasa ninaweza kuolewa. Kwao ndivyo wasemavyo.

Nimerudi Dar es Salaam mwaka jana, na tangu hapo naitafuta ile ladha. Nimekwenda Masaki, nimekwenda Mikocheni, nimekwenda Oysterbay, daladala mbili na bodaboda ya kumalizia. Mgahawa mmoja, jina sitalitaja, ulinitoza shilingi 28,000 kwa chapati tatu baridi zilizokunjwa, kuku mkavu ndani na mchuzi wa nyanya mtamu kama jemu. Nikamuuliza kijana aliyenihudumia, "Mwanangu, hii imetengenezwa kwa unga gani?" Akajibu kwa adabu, "Ngano, mama. Ni chapati tu hii." Sikumlaumu. Hakuna aliyemwambia tofauti.

Niseme haki: kaskazini mwa Meksiko, Sonora kwa mfano, wanakula tortilla za ngano, na ni tamu sana. Sikatazi ngano. Kinachoniuma ni kwamba sehemu kubwa ya tunachouziwa hapa kimepita Texas kwanza, kikaongezwa jibini ya njano na ganda gumu linalovunjika mdomoni, kisha kikafika kwetu kikiwa na jina la Meksiko. Tena kinafika nchi inayolima mahindi meupe kuanzia Rukwa hadi Songea! Zao hili asili yake ni huko huko Meksiko, lililimwa na kuchaguliwa mbegu na watu wa kule kwa maelfu ya miaka, ingawa jina tulilolipa linatuelekeza Bara Hindi. Shamba lao la jadi, milpa, lina mahindi, maharage na maboga pamoja. Bibi yangu Korogwe alilima hivyo hivyo.

Nikaamua kupika mwenyewe. Kwanza nilijaribu sembe kwa maji ya moto. Ikapasuka pembeni, ikavunjika kila nilipoikunja. Dona nayo vivyo hivyo. Chokaa ndiyo inayoyafanya mahindi yashikane. Nikaenda Kariakoo kwa mzee mmoja anayeuza tambuu, popoo na uraibu wote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nikufungie tambuu?"

"Hapana, baba, nataka chokaa peke yake. Ya kupikia mahindi."

Akanitazama kidogo, kisha akasema mama yake, Pangani, aliweka magadi kwenye makande ili yaive upesi. Nilifurahi nusura nimkumbatie. Magadi na chokaa si kitu kimoja, lakini akili ni ile ile: bibi zetu walijua kuwa hindi gumu linahitaji kitu cha kulilainisha. Akanipimia chokaa nyeupe kwenye kipande cha nailoni. Naomba anayesoma hapa asichanganye: nasema chokaa ya tambuu, ile inayoliwa. Ya kupakia ukuta isiingie jikoni.

Kilo moja ya mahindi, lita tatu za maji, vijiko viwili vya chokaa ile ya mzee. Asubuhi nikafunua sufuria, na harufu ikatoka, hapa hapa Magomeni. Kazi ikawa kusaga. Kijana wa mashine alikataa katakata: "Mama, haya yamelowa, yataganda, utaniulia mashine." Ana haki, mashine yake ni ya nafaka kavu. Nikaazima kwa jirani mashine ya mkono ya kusagia nyama, nikapitisha mara tatu, mkono ukafa ganzi. Donge likatoka la chengachenga kidogo, lakini lilishikana. Nikalikandamiza kati ya vipande viwili vya nailoni chini ya sahani nzito, nikatupia kwenye frampeni ya chuma. Ya tano ilivimba.

Tulizila na mbuzi aliyechemshwa taratibu kwa pilipili kavu, vitunguu saumu na mdalasini kidogo, kwa mfano wa birria, mchuzi wa nyama wa jimbo la Jalisco huko Meksiko, juu yake kitunguu kibichi, kotimiri na ndimu. Pilipili zao kavu, ancho na guajillo, sikuzipata, na zetu zina ukali bila ule utamu wa zabibu kavu. Hilo lilinipungukia. Tortilla haikunipungukia.

Na si ladha tu. Mahindi yana vitamini B3, lakini imefungwa, mwili hauipati vizuri. Chokaa ndiyo inayoifungua. Watu wa Meksiko walikula mahindi karne nyingi bila kuugua pelagra, ule ugonjwa wa ngozi kuchubuka, kuharisha na akili kuvurugika, wakati wakulima maskini wa Italia na wa kusini mwa Marekani waliolichukua hindi bila chokaa walikufa nao. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, wakila mgao wa mahindi baada ya karanga kukatika, waliugua zaidi ya 18,000. Mwaka 2010 UNESCO ilipoingiza mapishi ya jadi ya Meksiko kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kulaza mahindi kwenye chokaa kulitajwa. Hayo ndiyo ningependa ukurasa wenu wa mapishi uyaandike.

Ombi langu kwa wenye migahawa: acheni kutafuta unga wa paketi kutoka ng'ambo. Na kwa vyuo vinavyofundisha upishi: wapeni wanafunzi sufuria moja ya mahindi na chokaa, usiku mmoja tu.

La mwisho ni la kwangu binafsi. Kama yupo msomaji wa Temeke, Ilala au Kinondoni mwenye mashine ya kusaga kunde za bajia, inayopokea kitu kilicholowa, naomba aandike kupitia gazeti hili. Nitakuja na ndoo yangu alfajiri, nitalipa, na tortilla za kwanza nitamwachia yeye na watoto wake zikiwa za moto.

Mpishi,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam