Flagyl peke yake haimalizi amiba

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni. Mdogo wangu kaugua amiba mara tatu mwaka huu, kila mara anakimbilia duka la dawa anapewa Flagyl, tumbo linatulia wiki mbili tatu halafu linaanza tena kukata, choo cha makamasi na damu, na majirani wanamwambia eti amiba haiponi, ukishaipata ndo yako mpaka kaburini. Sio kweli jamani.

Amiba ana sura mbili. Kuna yule anayetembea, anakula na kuchimba ukuta wa utumbo, na kuna aliyejifungia ndani ya ganda amelala tu, huyo ndo anatoka na choo akampate mwingine kwenye maji au kachumbari. Sasa Flagyl, yaani metronidazoli, ukiimeza inakuwa bado haijawa sumu, ni amiba mwenyewe, kwa vile anaishi mahali oksijeni ni chache, anaigeuza humo ndani ya mwili wake na ikishageuka inamkatakata DNA anakufa. Inafanya kazi kweli, hata jipu la ini inatibu. Ila karibu yote inanyonywa kwenda kwenye damu, kwenye utumbo inabaki kidogo, na wale wa kwenye ganda wanapona. Ndo maana Flagyl inatakiwa ifuatiwe na dawa ya pili ya kusafisha utumbo, diloksanidi au paromomisini, hii paromomisini mwili unainyonya kidogo sana, karibu yote inabaki hukohuko utumboni walipo.

Sasa nauliza, nani kashawahi kuambiwa habari ya dawa ya pili dirishani? Sisi tumeisikia juzi kwa daktari, baada ya mwaka mzima wa kununua vidonge, tena mara nyingine nusu dozi kwa sababu hela haikutosha na muuzaji akakata tu akampa.

Na maji ya bomba tusiyaamini sana, klorini ya kiwango cha kawaida haiui ganda la amiba, kuchemsha ndo kunaua.

Mhariri, ukurasa wenu wa afya unasomwa mpaka vijijini, naomba mumtafute mfamasia aeleze hiyo dawa ya pili inapatikana wapi na bei gani, maana sisi tumezunguka maduka manne ndo tukaipata.

Msomaji wenu,
Morogoro