Risala ya wanafunzi wanaomaliza masomo, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mama Mkuu wa Shule, walimu na wazazi wetu,

Karibu sana. Leo tumeenea wote ukumbini kwa sababu sherehe ni ya mchana. Siku za kawaida, kengele ya kwanza inalia nusu ya darasa ikiwa bado njiani kutoka mitaa ya Katuba na Ruashi.

Mheshimiwa, benchi la watu watatu kwenye teksibasi linakaliwa na wanne, wa tano anainama mlangoni na begi lake limemkaa jirani tumboni. Asubuhi dereva anakata safari: anakushusha nusu ya njia, anageuza gari, nawe unatafuta nauli ya pili. Tena magari mengi yana usukani wa kulia, na sisi tunapita kulia mwa barabara. Kwa hiyo mlango unafungukia katikati ya njia, pikipiki zinakokimbia. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanashukia hapo hapo. Wakati wa Mtihani wa Serikali baadhi yetu tulihamia kwa shangazi wa mwenzetu mjini, watu sita kwenye mkeka mmoja, tukihofia kuchelewa.

Tunasikia wakubwa wakibishana, huyu anataka barabara zipanuliwe, yule anataka teksibasi ziongezwe. Barabara pana tunaipenda, nani anaikataa? Ila ukiijaza vigari vile vile, utakuwa umepanua foleni.

Mbona reli haitajwi? Ilifika hapa mwaka 1910, na mji ukakua kando yake. Dar es Salaam walianza mwaka 2012 kubeba abiria wa mjini kwenye reli za zamani, mojawapo ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, yenye upana wa milimita 1067 kama hii yetu. Kinshasa nako treni ya mjini wanaijua. Tunafahamu kwamba reli haitafika kila mtaa, na kichwa cha treni hakiuzwi katika soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini kwetu.

Basi wakati mkilijadili hilo, tunaomba mabasi makubwa mawili kabla ya kengele, moja Ruashi, moja Katuba. Safari isikatwe, na mlango uwe upande wa kulia.

Jumatatu alfajiri tutakuwa kituoni Katuba. Ukipenda kupanda nasi, Mheshimiwa, tutakuachia nafasi ya dirishani.

Asante kwa kutusikiliza.